Shajara ya mradi: taa za juu ya kaunta, jiko la Raskazone

26 Aprili

Ukuta wa jiko umeshuka. Kuanzia leo jiko na sebule ni chumba kimoja cha mita 8 kwa 4, madirisha mawili mapana yanatazama bahari na mlango wa nyuma unatokea uani. Pale ukuta ulipokuwa patakaa kaunta: urefu mita 2.4, upana sentimita 90, kimo sentimita 92, juu graniti nyeusi iliyong'arishwa. Upande mmoja nitakatia vitunguu na kukandia unga. Upande wa pili watoto watakaa kwenye stuli ndefu wakisubiri chapati.

Fundi wa dari anataka kufunga jipsamu mwishoni mwa mwezi ujao. Akishafunga, waya ambao haujashushwa mahali pake utabaki hukohuko juu, na kuufuata ni kuvunja. Kwa hiyo taa, ambazo nyumba nyingi huzinunua mwisho pamoja na mapazia, hapa inabidi zijulikane mapema. Hata kama hazijanunuliwa, lazima tujue ni ngapi, zinaning'inia wapi, zina uzito gani, na zinashuka kwa waya au kwa bomba.

Hilo la waya au bomba silioni likijadiliwa popote. Nimekusanya picha za majiko ya wazi mpaka simu imejaa, na karibu zote ni za nyumba za nchi za baridi: madirisha yamefungwa, hakuna pangaboi, pazia halitikisiki. Taa zinashuka kwa waya mwembamba wa karibu mita nzima na zimetulia tuli. Sisi tuko Tanga, ufukweni. Upepo wa kusi ukishika kasi hapa hata kalenda ya ukutani haikai. Nyumba imejengwa kuupokea huo upepo, na sina mpango wa kufunga madirisha ili taa ipendeze.

Basi orodha yangu inaanzia kwenye upepo. Macho yafuate, uzuri uje baadaye.

30 Aprili

Vipimo, niviweke hapa nisivitafute tena.

Kimo: mdomo wa kofia ya taa unashauriwa ukae sentimita 75 hadi 90 juu ya kaunta. Kwetu inakuwa kati ya mita 1.67 na 1.82 kutoka sakafuni. Hapo ndipo penye mgogoro, kwa sababu mwenzangu ni mrefu na macho yake yako mita 1.74. Anasema taa itamkinga asimwone mgeni aliyekaa sebuleni, tuipandishe mpaka mita 1.95 mambo yaishe. Nikamwambia mambo hayaishi hivyo. Balbu ikitoka sentimita 93 juu ya kaunta ikaenda 118, mwanga unaofika kwenye ubao wa kukatia unapungua kwa zaidi ya theluthi, ukiuhesabu kama unatoka nukta moja. Na taa ikiwa juu zaidi, aliyekaa chini anaona zaidi ndani ya kofia, yaani anaiona balbu yenyewe. Unampa raha aliyesimama, unamchoma macho aliyekaa.

Nafasi: gawanya urefu wa kaunta kwa idadi ya taa, kisha ya kwanza uiweke kwenye nusu ya jibu kutoka ukingoni. Taa tatu: 240 kwa 3 ni 80, kwa hiyo zinakaa kwenye sentimita 40, 120 na 200. Taa mbili: 120, zinakaa kwenye 60 na 180.

Kila mtu anayeulizwa anasema tatu. Shemeji kasema tatu, fundi umeme kasema tatu, muuzaji wa duka la Ngamiani kasema tatu kabla sijamwambia urefu wa kaunta. Huyo wa mwisho simlaumu, anauza taa. Ila tatu inaweka moja katikati kabisa, pale ambapo anayepika anatazama sebule na aliye sebuleni anamtazama anayepika. Tumevunja ukuta ili tuonane, sasa tuning'inize kitu katikati ya nyuso? Mbili zenye kofia ya sentimita 30 zinaacha uwazi wa sentimita 90 kati yao. Mwenzangu akisimama kwenye uwazi huo, kimo cha taa hakimhusu tena.

Mbili, basi. Mdomo mita 1.70.

4 Mei

Kabla ya kuamini karatasi tumening'iniza ndoo. Ndoo ya rangi ya lita 20 ina kipenyo karibu na sentimita 30, na nyumba inayojengwa haikosi ndoo tupu. Fundi umeme katoboa vitako, kapitisha waya wa muda na holda, tukaweka balbu ndani. Kaunta bado haijajengwa, tumelaza mbao juu ya mapipa kwenye kimo kilekile cha 92. Tulijaribu pia makopo ya lita 4. Yanaonekana ya kuchekesha juu ya kaunta ya mita mbili na nusu kasoro, kengele za baiskeli kabisa.

Ndoo nyekundu ya rangi ikiwaka usiku sebuleni inavuta majirani. Nimeulizwa kama tunafungua mgahawa.

Nilichotaka kukiona nimekiona: kutoka sofani, mita 4 hivi, ndoo mbili hazizuii kitu. Mwenzangu kasimama, kakaa, kazunguka, kakosa la kusema.

9 Mei

Leo upepo. Kusi ndiyo kwanza inaanza, si kali bado, lakini saa nane mchana ilitosha. Tukafungua madirisha yote mawili na mlango wa uani.

Ndoo zikaanza kubembea. Kwenda na kurudi ni kama sekunde mbili, na ndivyo inavyokuwa kwa kitu chochote kilichofungwa kwenye waya wa karibu mita moja, kiwe kizito au chepesi. Lakini kilichonishangaza kilikuwa kwenye mbao, si hewani. Ndoo ikisogea sentimita 8 upande mmoja, duara la mwanga chini linasogea karibu 14. Nikachukua futi kamba nikapima mara kadhaa, ni hivyohivyo. Sababu ni kwamba ndoo haiendi tu pembeni, inainama pia, na mdomo wake unatupa mwanga mbele zaidi ya ilipo.

Nikachukua kisu na kitunguu. Ukitaka kujua taa inakufaa au haikufai, katia kitunguu chini yake. Kivuli cha mkono wangu kilikuwa kinakimbia mbele ya kisu kisha kinarudi, ukingo wa kitunguu unaonekana, unapotea. Baada ya vipande vichache macho yalikuwa yanafuata kivuli badala ya kidole. Niliweka kisu chini. Hapo hapahitaji majadiliano.

Tukafunga mfuko wa mchanga kama kilo mbili juu ya kila ndoo. Mwendo ukabaki uleule wa sekunde mbili ila hatua zikafupika sana, upepo hauna nguvu ya kukisukuma mbali kitu kizito. Kwa hiyo kofia nzito inasaidia. Lakini kofia nzito kwa maana ya kioo kinene, kilo mbili za kioo juu ya vichwa vya watoto wanaorushiana ndimu, hapana.

Fundi akaleta kipande cha bomba la chuma la nusu inchi, akakifunga kwa nguvu kwenye mbao ya juu, akaning'iniza ndoo kwenye ncha. Haikutikisika. Ikabaki mtetemo mdogo mtu akifunga mlango kwa kishindo, kisha kimya.

Bomba, na liwe limekazwa juu. Nasema hivyo kwa sababu taa nyingi za bomba zinazouzwa zina pete au kiungo kinachocheza pale juu, ili zijinyooshe zenyewe hata kama dari imepinda. Hizo zinabembea sawa na za waya, tena kwa kishindo zaidi.

Pangaboi nayo. Mchoro wa awali uliiweka katikati ya chumba kizima, maana yake bawa la inchi 56 lingezunguka karibu kabisa na taa ya kushoto. Tumeisogeza mita moja na nusu kuelekea sofa. Upepo wake unashuka wima, unagonga sakafu, unasambaa, na kwenye kaunta unafika umepoa. Pia nimemwambia fundi asiweke taa yoyote ya dari juu ya mabawa: mwanga ukipita katikati ya mabawa yanayozunguka unakatwakatwa, na chumba kizima kinapepesa.

17 Mei

Mvua jana usiku, leo kumbikumbi. Walioishi pwani wanajua: taa moja tu ikiwaka, baada ya muda mbawa ziko kwenye mchuzi. Nikaona ndio usiku mzuri wa kujaribu rangi za mwanga.

Boksi la balbu lina namba tatu za maana na wateja wengi tunasoma ile isiyo na maana sana, wati. Lumeni ni kiasi cha mwanga. Kelvini ni rangi yake: 2700 na 3000 ni wa njano, 4000 uko katikati, 6500 ni ule mweupe unaoelekea buluu. Ra ni uaminifu wa rangi, juu kabisa ni 100. Kama boksi halina Ra, mara nyingi ni kwa sababu si ya kujivunia.

Hapa kwetu 6500 ndiyo mfalme, duka zima linawaka hivyo, na muuzaji akisema "mwanga mzuri" ndio huo anaomaanisha. Mwenzangu yuko chama hicho. "Wa njano ni wa baa," anasema. Basi ndoo moja tukaweka 6500, nyingine 3000 yenye Ra 90, zote lumeni 800 na kidogo, na chini yake nikapanga nyanya, kotmiri na changu wa asubuhi aliyekuwa kwenye barafu.

Chini ya 6500 nyanya ilikuwa nyekundu tu, rangi moja, ubapa. Kotmiri ilipendeza, sikatai, kijani kinang'aa. Nikafunua matamvua ya samaki: hudhurungi yenye ukijivu, ningemrudishia mchuuzi. Nikamsogeza samaki yuleyule chini ya ile nyingine na matamvua yakawa mekundu ya damu, kama yalivyokuwa sokoni asubuhi juani. Hapo mwenzangu alinyamaza, maana mnunuzi wa samaki ni yeye.

Niwe mkweli kwa shajara yangu: si rangi ya mwanga tu iliyofanya hivyo. Balbu ile ya 6500 haikuandikwa Ra, na uwekundu ndio unaoumia kwanza Ra inapokuwa ndogo. Kuna balbu nyeupe zenye Ra 90, ila sijazikuta Tanga. Chanzo ni namna taa yenyewe inavyoundwa: LED nyeupe ndani yake ni LED ya buluu iliyofunikwa poda inayogeuza sehemu ya mwanga huo kuwa njano na nyekundu, na poda ya bei rahisi inabania nyekundu. Hiyo LED ya buluu ndiyo iliyowapa Akasaki, Amano na Nakamura tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Bila wao huenda tungekuwa bado tunapikia chini ya balbu za wati 60 zinazochoma utosi.

Kumbikumbi walipiga kura yao pia. Wadudu huvutwa zaidi na mwanga wenye buluu nyingi, na leo ndoo ya 6500 ilijaa mbawa wakati ile ya pili ilikuwa na wachache waliopotea njia.

Tumekubaliana 3000 chumba kizima, jikoni na sebuleni. Kwenye jiko lenye ukuta unaweza kuchanganya, mlango unaficha. Kwenye jiko la wazi, ukiwa sofani unaona vyote kwa pamoja, na buluu kando ya njano inafanya kila upande uonekane una kasoro. Mwenzangu kapewa taa yake ya 4000 stoo.

24 Mei

Hesabu ya mwanga. Kaunta ina mita za mraba 2.16. Sehemu ya kukatia inataka lux 300 hadi 500 (lux ni lumeni kwa kila mita ya mraba), nichukue 400, kwa hiyo lumeni 864 zinatakiwa zifike juu ya graniti. Kofia ya chuma inameza nyingine na nyingine zinamwagika sakafuni, nikadiria nusu tu zinafika. Jumla 1,728, kugawa kwa mbili, 864 kila taa. Balbu ya LED ya wati 9 inatoa karibu na hapo, 800 na ushee. Inatosha.

Umeme wake: wati 18 kwa saa tano kila usiku hazifiki uniti 3 kwa mwezi. LUKU haitasikia.

Suala gumu zaidi ni mng'ao. Kofia inayofunguka chini inaonyesha balbu kwa aliye chini yake, na swali ni nani yuko chini. Nilidhania ni mtu wa sofa, kumbe ukipiga mstari unaona yeye hana shida: macho yake yako mita 1.15, taa iko mita 4 mbele, mstari wa jicho lake unaingia kwenye mdomo wa kofia kwa mlalo mdogo sana. Balbu ikizama sentimita 5 tu ndani, haioni. Mwenye shida ni wa stuli. Macho mita 1.38, nusu mita tu kutoka kwenye taa. Ili yeye asiione, ncha ya balbu lazima iwe sentimita 10 juu ya mdomo.

Balbu ya kawaida ina urefu wa sentimita 11, holda inakula 5 hivi. Jumlisha na hizo 10: kofia iwe na kina cha sentimita 26. Nyingi dukani zina 18 hadi 20, pana na fupi, nzuri kwa picha kwa sababu zinaonyesha ile balbu ya nyuzi za dhahabu. Hiyo balbu ya kioo kitupu juu ya graniti nyeusi ni adhabu maradufu, maana graniti iliyong'arishwa ni kioo na unaiona balbu juu na chini. Yetu iwe ya kioo cha maziwa.

Mdenmaki Poul Henningsen alipambana na jambo hilihili maisha yake yote. Taa yake ya PH 5 ya mwaka 1958 ina vibao vilivyopangwa kwa namna kwamba popote utakapokaa balbu huioni, na mwanga mwingine unatoka pembeni ili chumba kisiwe giza. Ina upana wa sentimita 50 na bei isiyosemeka, lakini wazo ni la bure.

29 Mei

Siku ya waya, na siku ya kubishana.

Fundi alileta waya wa milimita za mraba 1.5, sawa, ila wa nyuzi mbili. Nikamuuliza ethi, ule waya wa kwenda ardhini, iko wapi.

"Dada, taa haihitaji ethi. Ethi ni ya soketi na hita."

"Taa ya plastiki sawa. Hii ni kofia ya chuma kwenye bomba la chuma, na mimi nitaifuta kwa kitambaa kibichi kila wiki."

"Tangu nianze kazi sijaona mtu karushwa na taa."

"Basi usianzie kwangu."

Alicheka, akarudi dukani. Waya mmoja ukichubuka ndani ya bomba, bomba lote na kofia yote vinakuwa na umeme, na bila ethi hakuna kinachokata sakiti mpaka mtu aguse. Kwenye jiko, mkono mmoja kwenye taa na mwingine kwenye sinki, sitaki hata kufikiria. Akarudi na waya wa nyuzi tatu, kahawia, buluu na ule wa kijani na njano, akauvuta bila kinyongo.

Mahali pa kushukia tumepata kwa timazi, kutoka dari kwenda kwenye mstari wa katikati ya kaunta, si kwa kupima kutoka ukutani. Vizuri, kwa sababu ukuta wa zamani umepinda sentimita 3 kutoka ncha moja hadi nyingine na taa zingekuwa zimekaa kombo daima.

Juu ya kila tundu amelaza mbao ya 2 kwa 4 kati ya boriti mbili. Jipsamu peke yake haibebi, inamumunyuka kama biskuti, na bomba lililokazwa ni baya zaidi kuliko waya hapa: mtu akiligonga kwa bega chini, nguvu yote inapanda juu kwenye skrubu. Kibao cha juu kitashikwa na skrubu nne ndani ya hiyo mbao.

Nimepiga picha dari ikiwa wazi, futi kamba ikionekana. Jumatatu wanafunga.

14 Juni

Kariakoo, na sumaku mfukoni.

Kwetu pwani chumvi inakula kila kitu. Taa ya chuma iliyochovywa rangi ya shaba inapendeza hadi mvua ya pili, kisha kutu inatokea kwenye mishono na kwenye skrubu. Shaba yenyewe na aluminiamu havishikwi na sumaku, chuma kinashikwa. Ni jaribio la sekunde moja na linaokoa maneno mengi.

Duka la kwanza: "Hii shaba tupu, dada, ya Uturuki." Sumaku ikaruka ikanata. Muuzaji kaitazama, kanitazama. "Shaba iko kwa juu," akasema. Tukacheka wote, akaniletea soda, na sikununua.

Nimepita maduka mpaka miguu ikakataa. Kofia fupi, kofia fupi, mpira wa kioo, vizimba vya waya ambavyo havifichi chochote. Mipira ya kioo cha maziwa nilisimama nayo muda mrefu kwa sababu inatoa mwanga pande zote na haiachi dari giza. Lakini kwenye kimo cha macho, mpira wa lumeni 800 haukaliki mbele yake, na balbu ya LED ikifungiwa mahali pasipo na hewa joto linaiua mapema. Kwa korido ningechukua.

Mwisho nimezipata kwenye duka la ghorofani ambalo halina hata kibao: aluminiamu nene, nje kijani kizito, ndani nyeupe isiyong'aa, kipenyo 30, kina 27. Kuna mwenzake yenye ndani ya dhahabu, ndiyo inayouzika, lakini dhahabu ingeugeuza mwanga wa 3000 kuwa wa njano iliyokolea na ningerudi kule kwenye baa ya mwenzangu. Bomba lake lina nati ya kukaza, halina pete. Muuzaji alikuwa nazo mbili tu na alitaka kuniongezea taa ya tatu ya muundo mwingine kwa nusu bei.

Balbu nimenunua nne, 3000, Ra 90, zimeandikwa volti 85 hadi 265. Umeme wetu ukishuka jioni, balbu zilizoandikwa 220 hadi 240 ndizo zinazoanza kupepesa.

21 Juni

Mama mkwe kaja kuona dari. Kauliza taa ziko wapi, nikamwonyesha. Kazigeuza, kagonga kwa ukucha, kasema ni sufuria. Kisha akaniuliza kwa nini sikuwaza kawa.

Kawa la ukili, lile la kufunikia sinia, limekaa kofia tangu lizaliwe. Mahoteli ya Unguja yamekwisha kuyaning'iniza, mwanga unatoka kwenye matundu ya msuko unaenda ukutani. Alikuwa na lake la zamani lenye ukili wa zambarau na kijani, akalituma siku hiyohiyo na mjukuu.

Tukalijaribu juu ya kaunta. Linapendeza mno, na kwa kukatia halifai: mistari ya vivuli inalala juu ya ubao, kisu kinapita kwenye giza na nuru. Jepesi hivyo, kusi inalichezea hata kwa bomba. Na ukili unanyonya. Mafuta ya kukaangia samaki yanapanda na mvuke, yanatua, vumbi linashika juu yake, na kawa halioshwi kwa sabuni ya vyombo.

Lakini meza ya kulia iko mita 3 kutoka jikoni, pembeni, nje ya njia ya upepo wa madirisha, na pale hakuna anayekata kitu. Pale mistari ya vivuli ndiyo raha yenyewe. Kawa litakaa juu ya meza, balbu ndogo ya lumeni 470, swichi yake peke yake. LED haina joto la kuunguza ukili, balbu ya zamani nisingethubutu.

Mama mkwe karidhika. Sufuria bado anaziita sufuria.

12 Julai

Zimefungwa. Kazi ya asubuhi moja, kwa kuwa ubishi wote ulikwisha Mei. Fundi alikata bomba mara mbili, kwanza refu kidogo, tukaangalia, kisha kwenye kipimo. Mdomo uko mita 1.70 zote mbili, tumehakikisha kwa pima maji iliyolazwa kwenye ubao kutoka taa hadi taa. Ethi imefungwa kwenye kibao cha juu na kwenye kofia, fundi mwenyewe kaipima kwa mita na kuniita nione.

Swichi tatu: kaunta, meza, dari. Dima, ile swichi ya kupunguza mwanga, nimeiacha. Zilizopo madukani hapa nyingi ni za enzi za balbu za moto, zinataka mzigo wa wati 40 na kuendelea, ukiwapa 18 za LED zinavuma na kupepesa.

Kusi ilikuwa kali mchana. Madirisha wazi, pangaboi namba tano. Nimekata vitunguu vya pilau nzima.

9 Agosti

Baada ya kupikia chini yake muda wa kutosha, haya ndiyo ya kuandika.

Dari juu ya kaunta ni giza zaidi kuliko nilivyopenda, kofia za aluminiamu hazipitishi kitu juu. Usiku wa wageni tunawasha taa ya dari. Nitaongeza ukanda wa LED juu ya makabati ukitazama dari, 3000 hiyohiyo, waya upo tayari.

Ndani ya kofia mafuta yanaonekana baada ya wiki, ukungu mwembamba wa njano kwenye ile taa iliyo karibu na jiko la gesi, ile nyingine hakuna. Maji ya vuguvugu na sabuni, swichi imezimwa, yanatoka mara moja.

Skrubu moja ya kibao cha juu imeanza doa la kutu. Taa ni aluminiamu ila skrubu za boksini zilikuwa chuma. Fundi ataleta za stenlesi, zote nane.

Mwenzangu kajigonga kichwa, akiwa ameinama kuokota kijiko na kuinuka kwa haraka. Taa haikusogea. Yeye ana maoni yake.

Balbu mbili za akiba ziko droo ya vijiko, na kwenye vitako vya zile zinazowaka nimeandika tarehe ya kufungwa kwa maka. Kinachofuata ni bomba la kutolea moshi juu ya jiko la gesi. Mwashi anasema tundu la ukutani atalitoboa Jumanne, nami nimeshamwambia kofia ya nje itazame kaskazini, kusi isije kuturudishia moshi ndani.